Neno Feruzi na Suala la Majazi: Nani Alimpa Nani Jina?

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa uliye na kitabu teule mkononi, bila shaka mnaifahamu fomula hii: mhusika ana jina, jina lina maana, maana inaafikiana na tabia yake, basi hayo ni majazi na alama zipo. Ukikutana na Imani utaandika kwamba ni mtu mwenye imani. Ukikutana na mhusika aliyepewa jina la kito, utaandika upesi kwamba ni mtu wa thamani, apendwaye na wote kama kito kipendwavyo. Mtahini atatia alama ya vema na kusonga mbele. Sina ugomvi na alama hizo. Ninachodai katika makala haya ni kwamba majina ya vito katika lugha yetu yana historia nzito ambayo fomula hiyo huipita bila kuiona, na kwamba anayeifahamu historia hiyo ataisoma fasihi ya pwani, hasa ile inayogusa utumwa, kwa jicho jingine. Nimechagua kito kimoja tu, feruzi, kwa sababu safari ya jina lake naijua vizuri zaidi kuliko ya vito vingine, na kwa sababu maana yake ya asili itamshangaza mtu aliyezoea kuliona kama jina la rangi.

Feruzi ni jiwe la rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani. Mtu wa Lamu au wa Malindi huiona rangi hiyo baharini pale maji ya kina kifupi yanapopita juu ya mchanga mweupe. Mwalimu wa Kemia atakwambia kwamba ni fosfati ya shaba na aluminiamu yenye maji ndani yake. Shaba ndiyo inayoleta usamawati, na chuma kikizidi jiwe huelekea kwenye ukijani. Si jiwe gumu. Katika kipimo cha Mohs, ambapo almasi hupata 10, feruzi hupata kati ya 5 na 6. Tena lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, kwa hivyo hunywa mafuta, manukato na jasho la mvaaji, likabadilika rangi kadiri miaka inavyopita. Watu wa kale waliliona likififia kidoleni mwa mtu wakasema mwenyewe anaugua.

Sasa tulitazame neno. Limetoka Uajemi. Katika Kiajemi cha Kati, lugha ya dola ya Wasasani, kulikuwa na neno peroz, maana yake mshindi, mtu aliyefaulu, mwenye nyota njema. Waajemi walilipa jiwe lao jina hilo kwa kuwa waliamini kwamba anayelivaa au kulitazama hupata ushindi na hukingwa na jicho baya. Waandishi wa Kiislamu wa zamani walioandika juu ya vito walilieleza vivyo hivyo, kuwa ni jiwe la ushindi. Kwa hiyo, tangu mwanzo, feruzi si jina la rangi. Rangi ilichukua jina kutoka kwa jiwe, na jiwe lilichukua jina kutoka kwa sifa ya mtu aliyewashinda wengine.

Mwalimu wa sarufi asiache fursa hii ipite, maana neno hili limebeba mihuri ya forodha zote lilikopitia. Kiarabu hakina sauti /p/, ndiyo maana nchi iliyoitwa Pars na wenyewe ikawa Fars, na lugha yao ikaitwa Kifarsi. Vivyo hivyo peroz akawa Firuz, na jiwe likawa fairuz. Kiajemi chenyewe baadaye kikaikubali sauti hiyo ya /f/. Lugha yetu ina /p/ tele. Kama tungelikopa neno katika umbo lake la kale, leo huenda tungekuwa na kito kiitwacho peruzi, na wanafunzi wangefikiri kina uhusiano na kuperuzi vitabu. Halafu tazama irabu. Penye mfuatano wa ai katika Kiarabu, Kiswahili mara nyingi huweka e: khair ikawa heri, bait ikawa beti, na fairuz ikawa feruzi. Kwa maneno mengine, beti tunazozihesabu katika kila shairi na kito hiki vilipita mlango mmoja. Mwishoni kikatiwa irabu i ili silabi iwe huru kama desturi yetu inavyotaka. Mwanafunzi anayelalamika kwamba mada ya utohozi ni kavu apewe neno hili moja alichambue, atapata karibu kanuni zote ndani yake.

Wazungu hawakujihangaisha na maana ya jina. Jiwe liliwafikia kwa kupitia nchi za Waturuki, Wafaransa wakaliita jiwe la Kituruki, na Waingereza wakarithi jina hilo ambalo leo twaliona kwenye makopo ya rangi na vitambaa madukani. Jiwe halikuwa na kwao Uturuki, lilipita tu. Machimbo yaliyosifika zaidi yako karibu na mji wa Nishapur, katika eneo la Khorasan, kaskazini mashariki mwa Iran ya leo, na yamechimbwa kwa zaidi ya miaka 2,000. Msomi al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alipoandika kitabu chake juu ya vito hakukosa kuyataja.

Hapa naomba ruhusa nitoke njiani kidogo, kwa sababu sisi ni watu wa lugha. Kabla ya Nishapur kupata sifa, Wamisri walikuwa wakilichimba jiwe hili katika jangwa la Sinai. Wao waliliita mefkat, na huko Serabit el-Khadim walimjengea mungu wao wa kike Hathor hekalu, wakamwita Bibi wa Mefkat. Mwaka 1905 mwanaakiolojia Flinders Petrie alikuta katika eneo hilo maandishi yaliyochorwa kwenye miamba na sanamu ndogo, yakiwa na alama chache zisizofanana na maandishi rasmi ya Wamisri. Mwaka 1916 Alan Gardiner aliweza kulisoma neno moja lililorudiwa mara kwa mara, nalo lilikuwa la lugha ya Kisemiti lenye maana ya Bibi. Wataalamu wengi wanaamini kwamba huo ndio mwanzo wa alfabeti, takriban miaka 3,800 iliyopita, na kwamba walioianzisha walikuwa watu wa lugha za Kisemiti waliokuwa wakifanya kazi katika machimbo hayo. Kutokana nayo zikazaliwa, baada ya vizazi vingi, hati za Kiarabu na hati za Kirumi. Kiswahili kimeandikwa kwa zote mbili. Ubao unaouandika kila asubuhi, mwalimu, una deni kwa wachimbaji wa feruzi, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyelijua neno feruzi.

Turudi Uajemi.

Jina la mshindi

Kabla ya kuwafikia watumwa, jina hili lilivaliwa na wafalme. Anayejulikana zaidi ni Peroz wa Kwanza wa ukoo wa Wasasani, aliyetawala kuanzia mwaka 459 hadi 484. Ukiyasoma maisha yake utadhani yametungwa na mwandishi wa tamthilia anayependa kinaya. Mfalme aliyeitwa Mshindi alipigana na Wahefthali, watu wa Asia ya Kati, wakamshinda na kumkamata. Akakubali kujikomboa kwa mizigo 30 ya fedha iliyobebwa na nyumbu. Hazina yake haikutosha, akatoa 20, na kwa deni lililobaki akamwacha mwanawe Kavad rehani mikononi mwa maadui. Baadaye akarudi vitani kulipiza kisasi, na mwaka 484 akauawa pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake. Jina lake halikubadilika kwa sababu ya hayo yote. Wazazi wake walimpa jina wakimtakia ushindi, na hilo ni dua, si utabiri.

Nimetumia neno dua makusudi. Mzazi anapompa mtoto jina, jina hilo ni ombi: Heri, Baraka, Zawadi, Faraja. Ombi laweza kukataliwa, na mhusika wa fasihi anayeitwa Faraja akafa katika dhiki. Hapo tunakuwa na kinaya na si majazi. Jambo hili wanafunzi wetu walio wengi wanalimudu. Wanalolikosa ni tendo la aina ya pili la kutoa jina, ambapo anayetoa jina si mzazi bali ni mnunuzi.

Katika nchi za Kiislamu za zamani, kuanzia Baghdad hadi Misri na Ghuba, ilikuwa desturi kuwaita watumwa kwa majina ya vito na manukato. Yakuti, Lulu, Johari, Marijani, Almasi, Feruzi, Ambari, Kafuri: hayo yalikuwa majina ya watu walionunuliwa. Muungwana aliitwa kwa jina la mtume, la sahaba au la babu yake, likafuatwa na nasaba ndefu, fulani bin fulani bin fulani. Mtumwa hakuwa na nasaba iliyotambuliwa na bwana wake. Alipewa jina la kitu, na kitu chenyewe kilikuwa cha aina inayowekwa sandukuni, inayopimwa kwenye mizani na kutolewa zawadi. Ukimwita mtu Johari humtakii kitu; unasema uko naye na kwamba uligharamika.

Mifano ipo, tena ya watu mashuhuri. Jeshi la Wafatimia lililoiteka Misri mwaka 969 na kuanzisha mji wa Cairo liliongozwa na Jawhar, yaani Johari, mtu aliyeanza maisha yake utumwani. Kabla ya hapo, aliyeitawala Misri hadi kufa kwake mwaka 968 alikuwa mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, na jina lake lilikuwa Kafur. Kafuri, kama ujuavyo, ni nyeupe pepepe. Aliyempa mtu mweusi jina hilo alikuwa akicheka, na kicheko hicho kilimfuata Kafur hadi kwenye kiti cha enzi. Mshairi al-Mutanabbi alimtungia kwanza mashairi ya kumsifu, kisha, alipokosa cheo alichokitamani, akamtungia ya kumtukana, na matusi hayo yanasomwa mpaka leo katika fasihi ya Kiarabu. Mfano mwingine ni Yaqut al-Hamawi, mtoto wa Kirumi wa Mashariki aliyekamatwa akiwa mdogo na kuuzwa Baghdad. Bwana wake mfanyabiashara alimsomesha ili amtumie katika hesabu na safari. Yaqut huyo, yaani Yakuti, aliandika kamusi kubwa ya majina ya mahali, na humo amekitaja kisiwa cha Lanjuya katika nchi ya Zanji, ambacho wengi hukiona kuwa ndicho Unguja. Hebu tafakari: mtu aliyenyang'anywa jina lake la kuzaliwa alitumia maisha yake kuhifadhi majina ya miji ya watu wengine. Alifariki mwaka 1229.

Na jina la Feruzi je? Mtumwa wa mwanzo mwenye jina hilo anayekumbukwa sana katika historia ya Kiislamu ni yule Mwajemi aliyemuua Khalifa Umar huko Madina mwaka 644. Aliitwa Firuz, na kwa lakabu Abu Lulua, yaani baba yake Lulu. Uajemi ulikuwa umeshindwa vitani miaka michache tu kabla ya hapo. Mateka wa taifa lililoshindwa, fundi anayemfanyia bwana kazi za mikono, anatembea mjini akiitwa Mshindi. Kwake yeye huenda lilikuwa jina la kawaida la kwao, kwa maana Waajemi huru nao waliitwa hivyo. Lakini ndani ya Madina jina hilo lilikuwa na mlio mwingine kabisa.

Feruzi pwani yetu

Rangi ya feruzi ilifika kwetu mapema sana. Wanaakiolojia waliochimba Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu, walikuta vipande vingi vya mitungi mikubwa iliyopakwa vigae vya rangi ya samawati na kijani, iliyotengenezwa Iraki na kuletwa kwa majahazi kuanzia karne ya 8 na ya 9. Mitungi hiyo haikuwa ya vito, ilikuwa ya udongo, na huenda ilibeba bidhaa kama mafuta au sharubati ya tende. Lakini mtu wa Shanga wa miaka 1,100 iliyopita aliijua rangi hiyo kuwa ni rangi ya bidhaa za ng'ambo. Uhusiano huo na Ghuba ndio uliotuletea maneno ya vito, na ndio pia, katika karne zilizofuata, uliobeba watu kutoka bara kupelekwa huko.

Katika karne ya 19, biashara ya watumwa ilipofikia kilele Unguja, Pemba na mwambao, desturi ya majina ilikuwa imekomaa. Majina ya watumwa yalijulikana. Kulikuwa na yale ya bahati, kama Mabruki, Baraka na Faraji, yaani bahati ya bwana, si ya mtumwa. Kulikuwa na ya siku, kama Juma. Na kulikuwa na ya vito, Feruzi na Almasi yakiwemo. Mwafrika mashuhuri kuliko wote katika misafara ya wazungu, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa Myao aliyekamatwa utotoni akauzwa hadi India. Jina lake lina neno la baraka upande mmoja na mji wa ng'ambo upande wa pili. Jina alilopewa na mamake katika nchi ya Wayao halimo. Na kuna kinaya kingine kikali zaidi katika Ghuba, ambako Waafrika wa Mashariki waliokuwa watumwa walizamishwa baharini kutafuta lulu, msimu baada ya msimu, hadi karne ya 20. Katika mashua hizo hakuna ajabu kumkuta mtu mwenye jina la kito akipiga mbizi kumtafutia bwana wake kito.

Feruzi mmoja tunaweza kumfuata kwa tarehe. Robert Feruzi alisomeshwa na wamisheni wa UMCA huko Unguja, katika shule ambayo mwanzoni ilipokea hasa watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokabidhiwa Askofu Tozer mwaka 1864. Alijifunza Kiingereza. Mwaka 1874 akaondoka na Henry Stanley katika safari iliyovuka bara zima kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki kwa kuufuata mto Kongo. Mnamo tarehe 4 Agosti 1877, msafara ukiwa umebakiwa na watu 115, wake kwa waume na watoto, na njaa ikiwa imewaishia hadi hawawezi kutembea, Stanley aliandika barua ya kuomba chakula kwa wazungu wa Boma, karibu na mdomo wa mto. Wanne walikubali kuipeleka: Uledi, Kacheche, Muini Pembe na Robert Feruzi. Walifika. Chakula kikarudi, na tarehe 9 Agosti msafara ukaingia Boma ukiwa hai.

Litazame jina hilo, Robert Feruzi. La kwanza ni la ubatizo, limetoka Uingereza. La pili limetoka Uajemi kwa njia ya Uarabuni. Sehemu mbili, bahari mbili, na hakuna iliyotoka bara alikotoka yeye au wazee wake. Hata hivyo ndiye aliyekuwa na lugha ya kujieleza pale ambapo bila lugha barua ingekuwa karatasi tu. Ikiwa kuna mtu aliyewahi kulistahili jina la Mshindi kwa vitendo, ni huyu.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Miaka iliyofuata, wengi waliokuwa watumwa waliyaacha majina ya utumwani wakajitwalia ya waungwana. Kujiita jina jipya kulikuwa ni kudai uraia kabla haujaandikwa popote. Wengine hawakuyaacha, wakawarithisha watoto, na baada ya vizazi viwili jina likawa jina tu.

Kabla ya kuingia darasani, tahadhari moja. Mwanafunzi asitoke hapa akamwendea mwenzake aitwaye Feruzi au Feroz na kumwambia kwamba babu yake alikuwa mtumwa. Katika India na Pakistani, na kati ya Wakenya wenye asili ya huko, Feroz ni jina la heshima lililobebwa na masultani. Firuz Shah Tughlaq alitawala Delhi kuanzia 1351 hadi 1388. Mwimbaji mashuhuri wa Lebanoni, Fairuz, alilipata kama jina la kisanii. Na katika Bengali kulitokea jambo ambalo linapindua hadithi yote niliyoisimulia: Mhabeshi aliyeletwa huko kama mtumwa wa kijeshi, Malik Andil, alitwaa usultani katika miaka ya mwisho ya 1480 na akajiita Saifuddin Firuz Shah. Mnara mrefu wa matofali unaoitwa Firuz Minar ungali umesimama Gaur, na kwa kawaida ujenzi wake huhusishwa naye. Jina ni lile lile ambalo mamia ya Waafrika walibandikwa na mabwana. Huyu alilichukua mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa amekalia kiti.

Basi majazi yafundishwe vipi?

Maoni yangu ni kwamba swali la kwanza lisiwe jina lina maana gani. Liwe: ndani ya hadithi, nani alimpa nani jina hili? Je, ni mzazi aliyeomba, bwana aliyemiliki, mmisheni aliyebatiza, jamii iliyodhihaki au mhusika mwenyewe aliyejiteua? Ni baada ya kujibu hapo tu ndipo maana ya kamusi inapokuwa na kazi.

Chukua Mtemi Nasaba Bora katika riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea. Watahiniwa wengi huandika kwamba jina lake ni kinaya kwa kuwa matendo yake si bora. Ni sahihi, lakini jibu hilo limeishia mlangoni. Nasaba ndicho kitu hasa ambacho mtumwa alinyimwa katika historia yetu. Mtu anayejivika neno hilo kama cheo anajitangaza kuwa muungwana juu ya watu asiowahesabu kuwa na ukoo wa maana, na mwanafunzi anayelijua hilo ana hoja mbili zaidi za kuandika kuhusu ardhi na mamlaka katika riwaya hiyo. Au chukua Kijakazi katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978. Jina la mhusika huyo halikupambwa kwa kito wala marashi. Linasema wazi hali yake mbele ya mabwana wa kasri, na kila anapoitwa anakumbushwa. Ukiandika tu kwamba ni majazi kwa sababu anafanya kazi za kijakazi, umekubaliana na mabwana bila kukusudia. Ukiandika kwamba jina hilo ni sauti ya kasri ndani ya kinywa cha kila anayemwita, umeanza uhakiki.

Kuna watakaoniambia kwamba mtahini hana muda wa kusoma hayo yote katika karatasi ya tatu. Nimewahi kuambiwa. Lakini hoja hii haihitaji kurasa. Yahitaji sentensi moja zaidi baada ya ile ya kawaida, inayomtaja mtoa jina na sababu yake. Sentensi hiyo ndiyo inayomtenganisha mtahiniwa aliyekariri mwongozo na aliyesoma kitabu.

Ukitaka kulijaribu, usianze na kitabu teule. Andika ubaoni jina Robert Feruzi na tarehe 4 Agosti 1877, usimulie kilichotokea, kisha uwagawe wanafunzi makundi mawili: moja litetee kwamba jina hilo ni majazi, lingine kwamba ni kinaya. Kidato changu cha tatu kilibishana hadi kengele ikalia. Waliotetea majazi waliishika Boma hawakuiachilia. Waliotetea kinaya waliuliza ni kwa nini, katika jalada la kitabu kilichoandikwa juu ya safari ile, jina lililochapishwa ni la Stanley peke yake.